Unga juu ya sukari

Maneno haya juu ya maporomoko ya theluji niliyasema Jumamosi jioni katika ukumbi mdogo Upanga, mbele ya kikundi cha wapanda milima wa Dar es Salaam na vijana wanaojiandaa kwenda kusoma nchi za baridi. Wapo waliokwama kwenye mvua na foleni wasifike, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, dada zangu, kaka zangu, vijana, itifaki yote imezingatiwa.

Nawaomba walio mbele wasogee kidogo ili walio nyuma waione meza hii. Hapa nina ubao wa kukatia mboga, robo kilo ya sukari na unga wa ngano. Nimevinunua duka la hapo kona. Sisi wa Dar es Salaam barafu tunayoishika kila siku ni ya kwenye friza, barafu za ubuyu za watoto, na theluji wengi wetu tunaiona kwenye picha. Kwa hiyo nimetafuta kitu ambacho kila mmoja amekishika kwa vidole vyake.

Ubao nauweka chini, umelala. Namwaga sukari, tabaka jembamba, nusu ya unene wa kidole. Sasa unga juu yake, nauchekecha, kisha naubonyeza kwa kiganja taratibu mpaka ushikane. Tazameni ulivyo laini na mweupe. Mtu akiuona hivi atasema hata mtoto anaweza kucheza juu yake. Sasa nainua upande mmoja. Bado. Nainua zaidi. Bado umekaa. Mama uliye hapo mbele, tafadhali, nyoosha kidole uguse hapo katikati. Usikandamize, gusa tu.

Mmeona. Haukumwagika kama uji. Umepasuka kwanza. Ufa umekwenda kutoka kushoto hadi kulia, mbali kabisa na kidole chake, halafu kipande kizima kikateleza kama bati lililong'olewa na upepo. Sasa angalieni kilichobaki ubaoni: sukari, imetawanyika, haikushikana na ubao wala na unga. Unga wenyewe ulikuwa mzima. Kasoro ilikuwa chini yake, mahali ambapo jicho halifiki.

Hilo ndilo poromoko la bamba, yaani tabaka zima la theluji iliyoshikana linakatika na kuteleza, na ndilo linaloua wapanda milima wengi kuliko aina nyingine zote za maporomoko ya theluji. Kikumbukeni pia kidole cha mama. Katika ajali za watu wanaotembea au kuteleza milimani nje ya njia zinazolindwa, karibu tisa kwa kila kumi poromoko huanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au na mwenzake wa msafara uleule. Wengi tunadhani poromoko ni kama radi, humkuta mtu akipita na shughuli zake. Sivyo. Mara nyingi mteremko ulikuwa umetulia, akaja mtu akakanyaga.

Sukari hiyo hutoka wapi? Theluji ya mwanzo wa majira ya baridi ikianguka kidogo, tuseme ya kufika magotini, kisha mbingu zikatakata na baridi ikakaza kwa siku nyingi, kuna kazi inafanyika ndani yake. Ardhi ya chini bado ina ujoto kidogo, iko kwenye nyuzi sifuri hivi. Hewa ya juu iko nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Mnaijua sufuria ya wali iliyofunikwa: mvuke unapanda, ukigusa mfuniko unafanya matone. Ndani ya theluji nako mvuke hupanda kutoka chembe hadi chembe, na kila unapoganda chembe hubadilika umbo. Zinapoteza mishikano, zinaota pembe, zinakua hadi zinafanana na hizi hapa ubaoni. Ukizichota huwezi kuzifinyanga donge, zinapita kati ya vidole. Wenyeji wa milima huiita hivyohivyo, theluji ya sukari. Ikishafunikwa na theluji nyingine inaweza kukaa wiki, hata miezi, bila kupona.

Halafu unakuja upepo. Mabaharia wetu wa Pwani wana maneno mawili ambayo nilipokuwa najifunza mambo haya nilitamani walimu wangu wa ugenini wangeyajua: goshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakokwenda. Upepo hukwangua theluji goshini mwa mgongo wa mlima na kuimwaga demani. Njiani chembe zinasagwa, zikitua zinapangana karibukaribu na kushikana. Hapo ndipo unga wetu unapobonyezwa kwa kiganja. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwa dhati kwamba leo haikuanguka theluji hata punje, na wakati huohuo mteremko wa demani umekuwa ukitwishwa mzigo tangu alfajiri. Ukiona moshi mweupe unapeperuka kwenye ncha za milima, upande unaoelekea ndio wa kuogopa.

Na mwinamo. Bamba huteleza hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Palipo pakali mno, theluji humwagika yenyewe kidogokidogo kabla haijarundikana, na palipo pa tambarare hakuna kinachoivuta. Nyuzi 30 ni kama ngazi za kawaida za nyumba ya ghorofa. Mkishuka hapa leo zitazameni ngazi hizo, fikirini zimefunikwa na theluji kwa urefu wa viwanja viwili vya mpira. Mteremko wa namna hiyo unamvutia kila mtu, si mkali wa kutisha, si bapa wa kuchosha. Simu zenu zina programu za kupima mwinamo, zitumieni. Ila kupima uliposimama hakutoshi. Anayetembea bondeni kwenye tambarare, chini ya mteremko wa nyuzi 38, yuko ndani ya poromoko ambalo bado halijashuka. Kijiji cha Galtür huko Austria, Februari 23, 1999, kilifikiwa na poromoko kikiwa mahali palipohesabiwa kuwa salama, baada ya theluji kuanguka kwa siku nyingi mfululizo. Walikufa watu 31, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao.

Bamba kavu likishashika kasi hufikia kilomita 100 kwa saa na zaidi. Likisimama linakaza. Theluji iliyosimama baada ya kuporomoka si ile ya kwenye kadi za Krismasi. Mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 300 hadi 500, yaani mifuko sita hadi kumi ya saruji. Aliyefukiwa hawezi kukunja hata kidole. Wengi hufikiri atachimba mwenyewe. Hachimbi.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimesema yaliyomo vitabuni. Sasa naomba niseme yaliyonifanya nikubali mwaliko huu.

Mimi nimekulia chini ya Kibo. Nilianza kama mpagazi, wale tunaojiita wagumu, nikapanda ngazi mpaka nikawa kiongozi wa misafara. Kilele cha mita 5,895 nimekifikia mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Januari 2013 nilipata nafasi ya kwenda Austria, jimbo la Tirol, kujifunza mambo ya theluji. Milima ile tuliyotembea ilikuwa ya mita 2,500 hivi, chini kuliko kambi ya Horombo iliyo njiani kwenda kilele cha Kilimanjaro. Nakiri niliitazama kwa dharau kidogo.

Siku ya mapumziko tulitoka watu watano. Aliyetuongoza alikuwa mzee wa bonde lile, rika la baba yangu, mtu aliyetembea kule tangu utoto. Nyuma yake alikuwa binti wa miaka 24, mimi nikafuata, na wawili nyuma yangu. Tulikuwa tumevaa viatu vya theluji vile vipana. Asubuhi ilikuwa nyeupe, tulivu, jua limetoka. Tulipokuwa tunakata ukingo wa uwanda mdogo nilisikia puuu, kishindo kizito cha chini kwa chini, kama gunia la mchele lililoangushwa chumba cha pili. Theluji yote ilishuka kidogo chini ya miguu yangu, labda unene wa kidole. Na kutoka kwenye kiatu changu cha kushoto ukatoka ufa mwembamba, ukaenda kama hatua nne mbele, ukapotea.

Juzi yake tu tulikuwa tumefundishwa maana ya sauti ile. Ni tabaka la sukari linavunjika na kusukuma nje hewa iliyokuwamo. Hakuna alama iliyo wazi kuliko hiyo. Ni mlima wenyewe umekwambia: nimeshaanza, umeponea kwa sababu hapa ni tambarare.

Nikanyamaza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilikuwa mgeni. Lakini sababu kubwa ni malezi, na nayasema haya nikiwa nayapenda malezi hayo. Yule alikuwa mzee wangu. Nani anamsahihisha mzee wake mbele za watu, tena ugenini? Nikajiambia, amesikia, ana miaka 60 na milima hii, kama kuna neno atasema yeye. Tukaendelea. Baada ya hatua kama mia tukaingia mteremkoni.

Niliona mstari umechoreka juu yetu, kama mtu amekata keki kwa kisu. Halafu vipande, kama vigae vikubwa, vinasogea. Mzee alikuwa ameshavuka. Binti alikuwa katikati. Mimi nilikuwa ukingoni, nikavutwa hadi kiunoni, nikabaki. Yeye alikwenda. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyolisimulia.

Kila mmoja wetu alikuwa amefunga kifuani redio ndogo ya kutafutana. Zote ulimwenguni hutumia masafa mamoja, kilohezi 457, kwa hiyo ya Mjapani inasikika kwenye ya Mswisi. Njiani zote zinatuma. Ajali ikitokea, waliosalimika wote wanageuza zao zipokee. Mmoja akisahau, wenzake watamtafuta yeye aliyesimama badala ya aliyefukiwa. Mshale unakuonyesha upande, tarakimu zinapungua ukikaribia. Thelathini na moja. Kumi na nane. Saba. Kwenye tatu nilipiga magoti na kushusha redio hadi usoni mwa theluji, nikaipeleka taratibu mbele, nyuma, kushoto, kulia, mpaka nikapata tarakimu ndogo kuliko zote. Mzee akafungua ufito wa alumini, akachoma. Akasogea kiganja kimoja na zaidi, akachoma. Mara ya tano au ya sita ufito ulidunda. Jiwe linagonga, ardhi inakwaruza, lakini mtu anadunda kama godoro. Mikono yangu haijausahau mdundo ule.

Ufito hauchomolewi. Tukaanza kuchimba kwa upande wa chini ya mteremko, tukiingia kuelekea kwenye ufito, maana ukichimba moja kwa moja kutoka juu unamkanyagia hewa yake na theluji unayoitoa inarudi shimoni. Mmoja anakata, wengine wanavuta theluji nyuma, mnabadilishana kabla mikono haijachoka. Nilichimba kama mtu anayechimba maji ya mwanawe. Kwanza tuliona kofia nyekundu. Nikaufikia uso kwa vidole. Mbele ya mdomo wake palikuwa na utando wa barafu, unang'aa kama kioo, pumzi yake mwenyewe imeganda ikamzibia. Nikauvunja kwa kidole gumba. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau. Akavuta hewa kwa sauti ambayo sitaiiga hapa mbele yenu.

Saa ya mmoja wetu ilionyesha dakika tisa.

Sasa sikilizeni hesabu. Uchunguzi wa ajali za Uswisi wa miaka ya nyuma ulionyesha kwamba katika dakika 15 za kwanza, karibu tisa kwa kila kumi ya waliofukiwa kabisa walitolewa hai. Ikifika dakika 35, wanabaki kama watatu kwa kumi. Takwimu mpya za huko, zilizotolewa mwaka 2024, zimeusogeza mpaka wa mwanzo hadi dakika 10. Hapa Dar es Salaam, dakika 10 mnazijua: ni taa mbili pale Mwenge jioni. Helikopta yenye marubani hodari kuliko wote haitafika kwa dakika hizo. Anayekuokoa ni yule uliyetoka naye asubuhi. Kwa hiyo mtu akikwambia ana redio ya kutafutana lakini ufito na chepe kaviacha hotelini kwa sababu ya uzito, huyo hana kitu. Atajua ulipo na hatakutoa. Na vijana, simu: wakati redio inatuma, simu ikae angalau sentimita 20 mbali nayo, wakati wa kutafuta, nusu mita. Picha mtapiga mkifika.

Jioni ile, kwenye korido ya hospitali, binti akiwa amefungwa bega, tulikaa wanne tukinywa chai. Nikasema kwa Kijerumani changu kibovu: mimi niliisikia. Aliyekuwa nyuma yangu akasema, mimi pia. Wa mwisho akasema aliona na ufa. Kesho yake binti mwenyewe akatuambia aliisikia, akafikiri wanaume wenye uzoefu hawajali, basi si kitu. Na mzee, naye akasema kwa unyonge ambao sijawahi kuuona kwa mtu wa umri ule: niliisikia, nikaona hakuna anayelalamika, nikachukia kuwaharibia siku.

Watu watano. Masikio kumi. Sote tulisikia.

Redio, fito, machepe, vyote ni vya baada ya kosa. Kosa lenyewe hutokea mapema, pale mtu anapoona na akameza. Na mimi nawaogopea Waswahili kuliko Waaustria katika hilo, kwa sababu sisi kunyamaza mbele ya mkubwa tumekuita adabu. Mlimani Kilimanjaro nimeliona kwa miaka mingi. Mpagazi ndiye anayeosha vyombo usiku, ndiye anayemsikia mgeni akikohoa kikohozi cha majimaji hemani, ndiye anayemwona akipepesuka kwenda msalani. Anajua kwamba huyu wa kushushwa sasa hivi. Lakini kusema ni kazi ya kiongozi, na mgumu aliyeanza mwezi jana hataki kuonekana anajifanya daktari. Asubuhi kiongozi anapogundua, mapafu yameshajaa maji. Nilipokuwa mgumu nilinyamaza hivyo mara moja. Mgeni yule alipona, kwa bahati yake.

Wanaobeba mizigo ndio wanaobeba hatari pia, na hapo naomba niseme kidogo juu ya Everest, maana sisi Watanzania tumeanza kwenda. Wilfred Moshi alifika kileleni Mei 2012, wa kwanza kutoka nchini kwetu. Mwaka 2021 Rawan Dakik alifika akiwa na miaka 20. Tuwapongeze. Lakini tarehe 18 Aprili 2014, kwenye maporomoko ya barafu ya Khumbu, kipande cha barafu kilikatika juu na kuua watu 16, wote wafanyakazi wa milimani wa Nepal. Walikuwa wanapandisha mizigo ya wateja. Mteja hupita pale mara chache katika msimu mzima. Mpagazi hupita tena na tena. Hatari ya mahali ni sehemu moja tu ya hesabu. Sehemu ya pili ni mara ngapi unapita na kwa muda gani unakaa. Ndiyo maana mahali pabaya huvukwa mmoja mmoja, wenzake wakimtazama toka mahali salama, bila kusimama kufunga kamba za viatu katikati.

Kuna jingine linalofanana na kunyamaza, nalo ni kufuata nyayo. Mtaziona nyayo kwenye theluji, mtasema, wenzetu wamepita. Mteremko unaweza kubeba watu kumi na kumwangukia wa kumi na moja, kwa sababu yeye ndiye aliyekanyaga pale bamba lilipo jembamba na sukari iko karibu. Hili sihitaji kwenda Ulaya kulieleza. Kila masika tunaliona Jangwani. Maji ya Msimbazi yamepita juu ya barabara, watu wamesimama, mmoja anakunja suruali anavuka. Basi wa pili, wa tatu, na wa nne na mtoto mgongoni. Aliyevuka kwanza hakupima chochote. Alibahatika tu mahali pa kukanyaga. Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na wa kwanza kuvuka naye hakuujua.

Mtu mmoja aliniuliza mlangoni, hayo ya Austria yanatuhusu nini sisi wa Kilimanjaro na Meru? Yanatuhusu. Theluji ya Kibo ni chache na jua la ikweta huila haraka, lakini mlima ni mlima. Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach, mawe yaliporomoka na kuua wapandaji watatu raia wa Marekani, njia ikafungwa kwa muda. Mawe yale juu kule hushikwa na barafu kama matofali yanavyoshikwa na saruji. Jua likipanda, saruji inalegea. Ndiyo maana pale hupitwa alfajiri na kofia ngumu kichwani. Na Hanang je? Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani hadi mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walifariki. Hakukuwa na theluji hata chembe, lakini ukiuangalia ubao wangu huu utaona undugu wao: tabaka zito juu, tabaka dhaifu chini, mwinamo, na kitu kinachoongeza mzigo. Kule Tirol kilikuwa upepo, Hanang yalikuwa maji. Mkiwa matembezini Usambara au Uluguru wakati wa masika, mkaona ufa mpya ardhini, miti iliyoinama pamoja, au kijito kilichogeuka tope ghafla, hamuhitaji cheti cha jiolojia kusema turudi.

Kwa nyinyi vijana mnaokwenda kusoma Innsbruck, Norway, Kanada, Japani, popote: mtaalikwa. Wenzenu watawaambia Jumapili twende mlimani, na mtataka kwenda, na nendeni, ni raha ambayo siwezi kuwanyima. Kabla ya kutoka, someni taarifa ya hatari ya siku hiyo. Nchi za Ulaya hutumia ngazi tano za pamoja tangu mwaka 1993. Ya tatu ndiyo inayodanganya. Sisi tuliosoma hapa, tatu kati ya tano tunaiona wastani, mtu kafaulu. Kwenye theluji, ngazi hazipandi sawa kama za shule; hatari huongezeka maradufu na zaidi kila hatua, na sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za ngazi ya tatu, siku ambazo jua limetoka na kila mtu anatamani kutoka. Theluji mpya ikianguka kwa wingi, acheni siku moja au mbili ipite. Na mkisikia ule mpuuu chini ya miguu, siku imekwisha. Mnageuka kwa njia mliyojia. Hata kama mmebakiza hatua hamsini.

Muulizeni pia anayewaongoza, kabla hamjafunga viatu: nikitaka turudi, nikuambieje? Kiongozi mzuri atafurahi. Atakayekasirika, bakini naye mjini mle chakula.

Kikundi hiki Mwenyekiti ameniahidi tutaanza Jumapili ijayo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Coco Beach, kabla jua halijawaka na kabla wauza mihogo hawajapanga meza. Nitakuja na redio tano. Moja nitaifunga ndani ya furushi la kitenge na kuifukia juu, kwenye mchanga mkavu, maana mchanga wenye maji ya chumvi hunyonya mawimbi. Mtatafuta, mtachoma kwa ufito, mtachimba, mimi nimeshika saa. Mara ya kwanza mtachukua dakika 20 na mtu wetu atakuwa amekufa. Mara ya sita mtashuka chini ya 10.

Na kutakuwa na filimbi moja. Atakayeishika ni aliye mdogo kuliko wote watakaofika, hata akiwa wa darasa la saba. Akiipuliza, wote tunasimama hapohapo, mimi, Mwenyekiti, wazee wote, na hakuna wa kumuuliza kwa nini mpaka tumeshasimama. Ataipuliza bila sababu mara tatu nne, tumwache aipulize.

Mwenye chepe nyumbani aje nalo. Mimi ninayo mawili tu.